Feri haitozi mtu wa miguu

Mzee alipata habari ya ndoa ya mjukuu wake kwa muuza kahawa. Alikuwa amekaa barazani baada ya Alasiri, kikombe mkononi, mwenye dele la kahawa akamwambia, "Hongera mzee, nasikia Likoni mwezi ujao mna nikahi." Mzee akaitikia inshallah, akamaliza kahawa yake, akaingia ndani. Bintiye anasema hakutoka tena mpaka kesho yake. Kadi zilikuwa zimeshafika nyumba tatu za mtaa huohuo wa Majengo. Kwake haikufika.

Siku mbili baadaye binti huyo akanipigia simu. Mimi si wakili wala si shekhe. Nilifundisha shule miaka mingi, na tangu nistaafu watu huniletea ugomvi wa nyumbani, ambao nusu yake huisha chai ikimiminwa. Huu haukuwa wa chai. Mzee na mwanawe wa kiume wamenikubalia niuandike mradi nibadilishe mambo ya kutosha wasitambulike. Kazi nimebadilisha, mitaa nimebadilisha. Bahari iliyo kati yao sikuweza kuibadilisha, maana ndiyo kisa chenyewe. Mtu wa miguu halipi hata senti kuvuka feri ya Likoni, hapa Mombasa, na safari yenyewe ukishapanda ni dakika chache tu. Hawa wawili walikuwa hawajavukiana kwa miaka 20.

Sanduku

Mzee alikuwa kuli bandarini Kilindini. Alipostaafishwa alipewa kiinua mgongo, akatoa benki shilingi 160,000 taslimu akaziweka ndani ya sanduku la mbao, chini ya kitanda, azilipie nyumba. Wasomaji wa bara huenda wakashangaa, lakini Mombasa mtu hununua nyumba asinunue ardhi. Kuta na paa ni zako. Ardhi iliyo chini ni ya mwingine, nawe humlipa kodi yake kila mwezi. Tunaiita nyumba bila ardhi, na iko mitaa ambayo karibu kila mlango ni hivyo. Mzee alitaka ya vyumba sita, aishi kwa viwili na kupangisha vinne. Hesabu nzuri.

Asubuhi ya kwenda kulipa, sanduku likafunguliwa likiwa tupu.

Ufunguo wa pili alikuwa nao mwanawe wa kiume, umri wake wakati huo miaka 25, ana mke na mtoto mchanga wa kike. Wiki moja kabla, kijana alikuwa amemwomba babake mtaji wa kununua vifaa vya ufundi, akanyimwa. Hilo lilitosha. Usiku huo, baada ya Isha, watu wamejaa barazani, Mzee alisimama akamwita mwanawe mwivi. Si mara moja. Akamtaka aape mbele ya watu, kijana akaapa, Mzee akasema mwivi haoni tabu kuapa. Kesho yake akampeleka polisi. Kijana alilala seli siku mbili, akaachiliwa kwa kukosa ushahidi, akamchukua mke na mtoto, akavuka feri. Leo ni fundi wa tuktuk mwenye gereji yake na vijana watatu anaowafundisha kazi. Yule mtoto mchanga ndiye bi harusi.

Mamake aliendelea kumwona. Walikuwa wakikutana Marikiti siku za kununua viungo, kama watu wanaofanya jambo la siri. Alipofariki, miaka tisa iliyopita, mwana alikuja, akabeba jeneza, akashuka kaburini kumpokea mamake, akatoka, akaenda zake bila kumpa babake mkono. Mtaa mzima uliliona hilo na mtaa mzima ukalihukumu.

Aliyoyajaribu Mzee

Kabla sijaitwa mimi, Mzee alikuwa ameshajaribu njia tatu, na inafaa kuzitazama kwa sababu ndizo ambazo wazee wengi hujaribu.

Ya kwanza, alituma wazee wawili. Walikwenda gerejini wakakaa kwenye tairi, wakasema maneno tunayoyajua sote: baba ni baba, radhi ziko kwake, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kijana aliwasikiliza kwa adabu, akawanunulia soda, akawajibu, "Radhi nishazipata kwa mama." Ndio mwisho wa ujumbe.

Nina kinyongo kidogo na ile methali ya ndwele. Ni nzuri mno ikitoka kwa aliyeumizwa. Ikitoka kwa aliyeumiza, au kwa wajumbe wake, maana yake hugeuka ikawa: nyamaza. Halafu hili la radhi. Pwani sisi tuna silaha hii moja ambayo mzazi huishika mpaka siku ya kufa, na wapo wazazi wanaokwenda kuomba msamaha huku wameishika mkononi. Mtoto ataona silaha, hataona ombi.

Ya pili ilikuwa M-Pesa. Kila Idi Mzee alimtumia mwanawe shilingi 2,000, na kwa mtu wa pensheni ndogo hiyo si pesa ndogo. Kila Idi zilirudi siku ileile, na juu yake ada ya kutolea. Binti alinionyesha jumbe za simu, miaka na miaka. Mzee alilichukulia jambo hilo kuwa kiburi. Mimi nilipoziona nilielewa kitu kingine. Mtu aliyewahi kuitwa mwivi na babake anahakikisha kwamba hakuna hata shilingi 30 ya baba iliyobaki kwake.

Ya tatu, alimwambia bintiye apeleke habari kwamba atamwandikia kaka yake nyumba. Hapa Mzee alikuwa hajui anachokisema. Wao ni Waislamu. Mirathi yao itagawanywa kisheria, mtoto wa kiume na wa kike kila mmoja na fungu lake, na baba hawezi kumtoa mrithi kwa hasira wala kumwongezea kwa wasia bila warithi wengine kukubali. Angeweza kumpa hiba, yaani zawadi, akiwa hai, hilo ni jambo lingine. Lakini alivyolitamka, alikuwa akimwahidi mwanawe kitu ambacho mwana tayari anacho. Tena nyumba yenyewe, ile ya ukoo anayokaa, nayo ni kuta tu.

Kuna jamaa aliyewashauri waende kwa Kadhi. Niliwaambia wasijisumbue. Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 inampa Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pande zote zikiwa za Waislamu waliokubali kuhukumiwa naye. Hapa hapakuwa na talaka wala maiti. Palikuwa na neno moja lililotamkwa barazani.

Sauti ya dakika nne

Sasa makosa yangu mimi.

Mzee ana miaka 77, kisukari kimemla macho, hawezi tena kuandika. Nikamshauri arekodi ujumbe wa sauti nimpelekee kijana. Nilidhani akiisikia sauti ya babake moyo utalainika. Sikuusikiliza kwanza, nilivuka nao tu, nikauweka hewani pale gerejini, kijana akiwa amesimama na spana mkononi.

Ujumbe ulikuwa wa dakika nne. Tatu zilihusu kisukari. Iliyobaki ilisema hivi, nami nayanukuu kwa sababu niliyasikiliza tena mara nyingi baadaye: "Kama nalikukosea, mwanangu, nisamehe. Shetani alipita kati yetu. Yalotokea yalishatokea. Mimi sasa ni mtu wa kuondoka."

Kijana akaniomba nirudishe pale pa shetani. Nikarudisha. Akasema, "Mwalimu, shetani hakunipeleka polisi. Alonipeleka ni babangu."

Kiswahili kina milango mingi ya uani. Pesa zilipotea, maneno yalitoka, mambo yalitokea, shetani alipita. Unaweza kuomba msamaha kwa dakika nne na usiwe umefanya kitu chochote. Na ile "kama" ya mwanzo: kama nilikukosea. Inamrudishia mwenye kuumizwa kazi ya kuthibitisha kwamba aliumizwa. Nilimtazama kijana nikaona aibu, maana mimi ndiye niliyekuja na mzigo huo.

Nikamuuliza anataka nini. Akawaambia vijana wake waende wakanywe chai. Kisha akanieleza jambo ambalo sikulitarajia kabisa.

Anamjua aliyeiba. Amemjua kwa miaka 14. Ni ami yake, mdogo wake Mzee, aliyekuwa akikaa nyumba ileile. Ami huyo alipougua ugonjwa wa mwisho alimtumia mtu amwite kijana, akamwomba msamaha huku analia, na kijana akamsamehe palepale. Mazishini alikwenda. Hajamwambia mtu, hata mkewe, kwa ajili ya stara ya marehemu na ya watoto wake. Ila siku ile kitandani ami alimwambia neno moja zaidi: "Babako nishamwambia. Juzi."

"Nikarudi nyumbani," akasema, "nikamngoja baba. Nalisema kesho atakuja. Nalisema baada ya matanga atakuja. Mwalimu, ile miaka sita ya kwanza nimemsamehe zamani, kwa sababu alikuwa hajui. Alikuwa na hasira, pesa zake zimekwenda, mtu yeyote angekosea. Niliyo nayo mimi ni hii 14."

Kwa hiyo sote tulikuwa tukiganga kidonda kisicho chake. Mzee, binti, wale wazee wawili, nami pia, tulikuwa tunazungumzia usiku wa barazani. Kijana alikuwa anazungumzia kila asubuhi iliyofuata baada ya babake kuujua ukweli.

Nikamuuliza kama nimwambie Mzee kwamba yeye anajua. Akakataa. "Akijua kwamba najua, atasema kwa kuwa amebanwa. Nataka aseme akidhani mimi sijui kitu."

Wapo watakaosema huko ni kumtega mzazi. Njiani kurudi, katikati ya umati ule wa feri, mimi pia nilifikiri hivyo. Bado sina hakika kwamba alikuwa na haki ya kudai hivyo. Lakini nilielewa kwa nini. Ungamo la mtu aliyeshikwa ni kukubali kushindwa tu.

Stara ya marehemu

Nilimwendea Mzee mara mbili bila kumgusia. Mara ya kwanza nilimuuliza kama kuna jambo lolote analolijua ambalo mwanawe halijui. Akanyamaza mpaka adhana ya Magharibi. Mara ya pili, kabla sijakaa vizuri, akasema, "Mwanangu, mimi najua alozichukua." Akanieleza yote, na yaliafikiana na ya kijana neno kwa neno.

Mbona hukusema? Hapo ndipo nilipomwonea Mzee huruma, baada ya kukaa siku kadhaa nimemkasirikia. Alikuwa ameshikwa katikati. Maiti hutajwa kwa mema. Ndugu yake amekufa ametubu, ameacha mjane na watoto wanne nyumba ya pili kutoka hapo. Wale watoto wamemlea Mzee kwa namna yao, wanampeleka kliniki, wanamletea samaki. Akimsafisha mwanawe, watu watauliza: basi nani? Na nyumba ile walikuwa wanaume watatu tu.

Huo ni ukweli wake, na ni mzito. Lakini chini yake palikuwa na ukweli mwingine alioutoa kwa shida zaidi. Kwenda kwa mwanawe kungemlazimu kusema mbele ya mtaa kwamba yeye, mzee anayeheshimiwa, alimfukuza mtoto bure na mjukuu akiwa mgongoni. Kila mwaka aliochelewa, jambo lenyewe lilizidi kuwa baya, na kila lilipozidi kuwa baya lilizidi kuwa gumu kusemeka. Stara ya ndugu yake ilikuwa ya kweli, na pia ilikuwa pazia zuri la kujifichia.

Nikamchukua tukaenda kwa shekhe wa msikiti wake, mtu asiye na maneno mengi. Mzee akaeleza bila kutaja jina. Shekhe akamkumbusha masharti ya toba ambayo kila mtoto wa madrasa anayajua: uache, ujute, uazimie kutorudia, na ikiwa ni haki ya mja, mwanadamu mwenzako, uirudishe kwa mwenyewe. Kumsingizia mtu ni haki ya mja. Akamaliza kwa kusema, "Kumsitiri maiti si kumvika aliye hai nguo zake."

Tulipotoka Mzee akaniuliza, sasa nisemeje nisimtaje ndugu yangu? Na jibu lilikuwa rahisi kiasi kwamba nilishangaa hatukuliona mapema. Halazimiki kusema nani aliiba. Analazimika kusema nani hakuiba, na tangu lini amejua. Atakayeuliza zaidi aambiwe hayamhusu.

Nilikuwa na sharti moja tu kutoka kwangu, nalo sikulipunguza: pahali. Mzee alipendekeza ukumbini kwake, wawili tu, mlango umefungwa. Nikamwambia, aibu ulimvika barazani, humvui chumbani.

Barazani tena

Tuliomba kijana aje. Akauliza swali moja kwanza: ni wangapi wa usiku ule waliobaki? Binti na Mzee wakakaa wakahesabu kwa vidole. Wanaowakumbuka walikuwa kama 15. Walio hai ni wanne, na wote bado wako mjini. Nilipompelekea hesabu hiyo alikaa kimya, kisha akasema, "Basi 11 wamekufa wanajua mimi mwivi." Hili sikuwa na la kumjibu, na wala sidhani lina jibu. Mzee alipokuwa akingoja wakati mzuri, mashahidi walikuwa wakizikwa.

Alikuja Alhamisi, baada ya Isha, na mwanawe wa miaka 16. Alikataa kukaa. Alisimama karibu na nguzo ya umeme, kama mtu aliyepitia tu. Wale wanne walikuwepo, mmoja ameletwa kwa kiti cha magurudumu, na watu wengine wa mtaa ambao usiku ule wa zamani walikuwa hata hawajazaliwa. Muuza kahawa naye akatua dele lake, maana huyu hakosi.

Mzee alinyanyuka kwa kushikwa. Nilikuwa nimemwomba asizungumzie kisukari, na hakukizungumzia.

"Huyu ni mwanangu," akamtaja kwa jina lake kamili, na jina la mamake. "Hapa hapa nalimwita mwivi. Hakuiba. Nalimsingizia, nikampeleka polisi, nikamtoa nyumbani kwa mamake. Na nimejua kuwa hakuiba tangu miaka 14. Nalijua, nikanyamaza. Hilo la pili ni baya kushinda la kwanza."

Maneno hayo ya mwisho hatukuwa tumeyapanga. Nilimtazama kijana, alikuwa ameshika bega la mwanawe, anaangalia chini.

Mmoja wa wazee akauliza, bila shaka, "Basi alochukua ni nani?" Mzee akamjibu, "Hayo hayakuhusu," akaketi.

Kijana akasema, "Nimesikia, baba." Akawapa mkono wale wanne, mmoja mmoja, akampa babake mkono pia, akaondoka kuwahi feri. Mzee akanigeukia. "Kasema nini?" Nikamwambia kasema amesikia. "Basi?" Basi. Akasubiri kidogo, akaagiza kahawa.

Jumapili kadi ikaletwa na yule kijana wa miaka 16. Binti akamsomea Mzee, na alipofika penye jina la babake bi harusi, lililochapishwa wiki kadhaa nyuma kama kawaida, fulani bin fulani, Mzee akamwambia arudie.

Bado ningesema mambo hayajatengenea. Kijana hajawahi kula nyumbani kwa babake mpaka leo. Kumwambia babake kwamba alikuwa akijua, amemwambia, miezi miwili baadaye, na Mzee aliugua wiki nzima. Bintiye alinilaumu mimi, na sikujitetea sana. Watoto wa marehemu ami hawajauliza chochote, na samaki bado wanaletwa.

Siku ya nikahi Mzee alikwenda. Alikalishwa mkekani pamoja na wazee wa upande wa bwana harusi, si karibu na mwanawe, akala, akaomba dua yake peke yake kimyakimya. Jioni mwanawe akampeleka kwa tuktuk mpaka kivukoni. Ule mteremko wa kuingilia feri ni mkali kwa mtu asiyeona vizuri, na saa ile watu husukumana. Binti, aliyekuwa nyuma yao, ananiambia kaka yake alimshika Mzee kwapani, wakashuka pole pole wakiwaacha watu wawapite, akaingia naye ndani, akamtafutia pa kushika, akamwambia, "Shika hapa, baba." Kisha akatoka mbio kabla lango halijainuliwa.

Idi iliyofuata Mzee alituma zile 2,000. Zilirudi. Safari hii bila ada ya kutolea.